Uongo Wangu wa Ndege Ulimnyima Ndugu Yangu Kumzika Mama

Nimekosa, jamani, na sina wa kumsingizia. Si shetani, si marafiki wabaya, si pombe, maana pombe sijapata kuionja. Ni mdomo wangu mwenyewe!

Bwana Mhariri akiwa na huruma atalificha jina langu. Nakuru ni mji mdogo, na hapa Bondeni ukikohoa asubuhi, kabla ya adhuhuri umeshaletewa asali na ndimu na watu watatu. Niiteni Dereva tu. Madereva tuko wengi.

Naandika kwa sababu nimechoka. Uongo ukishaupokea mabegani hakuna anayekuambia, "lete nikusaidie." Unaubeba unapokula, unaubeba unaposwali, na usiku unalala nao kitanda kimoja.

Nianze na mama, maana yeye ndiye wa kuanziwa.

Bi Zuhura hakunizaa. Aliyenizaa alifariki siku ileile niliyozaliwa. Bi Zuhura alikuwa jirani, naye alikuwa na mtoto wake mchanga, Rashidi. Akanichukua akaninyonyesha pamoja naye. Wanawake wa mtaa walikuwa wakitania kwamba Rashidi ana titi lake la kulia na mimi langu la kushoto, na anayegusa la mwenzake anapigwa teke. Kwa dini yetu aliyekunyonyesha ni mama yako kabisa. Binti yake huwezi kumwoa, na siku akifa unashuka kaburini kumpokea, sawasawa na mwana wa kumzaa. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Mumewe alikuwa mtu wa Mombasa, aliletwa huku na kazi ya reli, akafariki sisi tukiwa wadogo. Bi Zuhura akatulea wawili kwa kuuza mahamri. Tulipokua, Rashidi alikwenda Mombasa kwa baba zake wadogo, akapata kazi kwa Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa. Mimi nikabaki na mama, nikajifunza gari, nikaandikwa na mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Njoro.

Sasa ngojeni niwaambie uongo ulivyozaliwa, maana haukuzaliwa mkubwa.

Mwaka mmoja bwana yangu na memsabu walitaka kwenda pwani kupumzika. Wao kwa ndege, mimi kwa treni daraja la tatu, pamoja na masanduku na mbwa. Niliwapeleka kwa gari mpaka uwanja wa ndege Nairobi asubuhi. Wakati wa kupakia nikamuuliza mpagazi mmoja pale, "Hii mpaka Mombasa inachukua muda gani?" Akaniambia, "Muda wa saa mbili hauishi, ndugu. Mchana watakula samaki." Na kweli, mimi na mbwa tulipofika kesho yake asubuhi tumejaa masizi, memsabu alicheka akasema wao walikwishaoga baharini tangu jana.

Kwa hiyo nilijua! Tafadhali lishikeni na hilo. Nilijua muda wa ndege, na barabara ya Nairobi kuja Nakuru ndiyo kazi yangu, maili mia kasoro kidogo. Hata ukipanda na lori, hata askari wakikusimamisha kila kona kwa sababu ya Hali ya Hatari, kwa muda wa saa tatu na kitu umefika.

Niliporudi Bondeni nikakuta habari zimenitangulia. Mtu aliniona nikiwapeleka wazungu uwanja wa ndege, na sikuonekana tena mpaka nilipotokea na nazi za Mombasa. Watu wakajumlisha wenyewe. Nikapita kwenye baraza la Mzee Sudi kinyozi, pale wazee wanapokaa, mmoja akasema, "Haya, huyu hapa ametoka juu!"

Ningesema hapana. Neno lenyewe fupi. Lakini walinisogezea kiti. Mimi, mtoto wa mahamri, nikasogezewa kiti na wazee!

Nikakaa.

Basi wakaanza kuuliza nami nikaanza kujibu. Mnakula? Tunakula. Nikawapa chai na biskuti. Siku ya pili chai ikawa wali na kuku. Siku ya tatu nikalala usingizi, nikaamshwa niuone mlima wenye theluji. Kila jambo jipya lilitaka nafasi yake, na safari nayo ikazidi kurefuka. Huwezi kula mara mbili na kulala na kuangalia mlima ndani ya muda wa saa mbili. Ndege yangu ikawa inaondoka asubuhi na kutua jua likizama.

Jambo lililonifunga kabisa ni swala. Maalim, imamu wetu, mtu mpole anayependa elimu, aliniuliza kwa nia safi kabisa, "Na huko juu, mwanangu, uliswali vipi?" Ulimi ukanitangulia. Nikamwambia niliswali adhuhuri na alasiri pamoja, nikazipunguza kama msafiri, nimekaa kwenye kiti. Maalim alifurahi mpaka akanishika mkono. Wiki ileile akalitia darasani, akawafundisha watu swala ya msafiri wa angani, na mfano wake ni mimi.

Astaghfirullah! Nilikuwa nimekaa palepale nyuma, nikaitikia kwa kichwa.

Tangu siku hiyo jina langu likawa Bwana Ndege. Watoto, wazee, hata wauza mboga sokoni. Aliyekuwa haamini ni Mzee Sudi peke yake. Alikuwa akininyoa kidevu huku anasema, "Bwana Ndege, hebu niambie tena, hiyo kuku ilikuwa ya kukaanga ama ya mchuzi?" Juzi yake nilikuwa nimesema ya mchuzi. Wembe uko shingoni, nami natafuta jibu!

Na mama alijua. Alijua tangu mwanzo.

Alikuwa akifua kanzu yangu ya safari. Akaniita uani, akaninyooshea bega la ile kanzu, limetobokatoboka kwa cheche za treni.

"Hii ni nini?"

"Ni cheche za jiko la ndege, mama."

Alicheka mpaka akakaa chini, mapovu mikononi. "Basi hiyo ndege yenu inasimama Voi kunywa maji, halafu inaendelea." Nami nikacheka kwa haya. Alipomaliza alifuta macho akasema, "Maneno haya yatabaki kwenye beseni hili, mimi sitakufedhehesha. Lakini iteremshe hiyo ndege, mwanangu, kabla haijaanguka na watu."

Akaishona kanzu. Hakumwambia mtu, na sikuiteremsha ndege.

Mama aliugua ghafla wakati wa kiangazi kikali, ziwa lilipokauka na vumbi lake jeupe likawa linapeperuka mjini mpaka ndani ya sufuria. Kifua kilimbana siku chache tu. Alifariki mchana, baada ya alasiri, kichwa chake kikiwa kwenye paja langu. Neno lake la mwisho la kueleweka lilikuwa kuuliza kama Rashidi ameshaambiwa. Nikamwambia ameambiwa, anakuja, ingawa simu ilikuwa bado haijapelekwa.

Maalim akampelekea Rashidi simu ya waya jioni ileile. Tukakubaliana tumzike mama kesho yake baada ya adhuhuri.

Asubuhi, wanaume tumekaa kwenye mikeka nje, jibu likaja. Maalim akalisoma kwa sauti. Rashidi amepata nafasi ya ndege asubuhi hii. Anaomba angojwe.

Wanawake ndani wakalia kwa nguvu waliposikia. Maalim akakunja karatasi, akasema, "Alhamdulillahi. Sasa swali ni moja. Atafika saa ngapi? Akifika kabla ya alasiri tutamngoja, mama hana haraka ya kumkimbia mwanawe. Lakini akiwa ni wa usiku au wa kesho, hapana. Maiti ana haki yake, na jua hili mnaliona wenyewe."

Mtu akasema, "Kwani mnahangaika nini? Si Bwana Ndege yuko hapa?"

Nyuso zote zikanigeukia.

Wallahi jibu nilikuwa nalo! Lilikuwa tayari kifuani. Ndege imetoka asubuhi, kabla ya saa sita iko Nairobi. Barabara ni muda wa saa tatu na kitu. Alasiri haijaadhiniwa, Rashidi yuko hapa mlangoni. Mngojeni. Nilitakiwa kusema neno moja tu.

Nikamwona Mzee Sudi. Ameegemea ukuta, anatabasamu upande mmoja wa mdomo. Akasema, "Ndiyo, ambia Maalim. Wewe ulitoka asubuhi ukafika magaribi, si ndio? Ama siku hizi wameleta zingine ziko na mbio?"

Ndugu msomaji, angalia nilivyo mjinga. Yule mzee alinifungulia mlango! Ningemjibu, "Ndiyo, Mzee, siku hizi ziko mpya zenye mbio," na yote yangeishia hapo. Uongo mmoja mdogo zaidi ungemfaa mama, nami niliyeongopa mwaka mzima bila kuulizwa, huo mmoja nikaukosa. Mimi nilidhani ananitega. Niliona aibu tupu mbele yangu: kuku, mlima, na Maalim akigundua kwamba swala aliyoifundisha msikitini ni ya mtu aliyekuwa amekaa na mbwa kwenye treni.

Nikakohoa. Nikasema, "Hawezi kufika leo. Magharibi ndiyo atakuwa anatua Nairobi. Hapa ni kesho."

Maalim aliinamisha kichwa. "Basi tumswalie adhuhuri, tumpeleke. Rashidi ataelewa."

Lakini nani atashuka kaburini? Mama hakuwa na kaka huku, wala mume. Maalim akaniwekea mkono begani. "Mwanawe wa kunyonya yupo. Mungu alijua siku hii itakuja, ndiyo maana akampa watoto wawili."

Niueni!

Nilishuka. Vumbi jeupe lilikuwa likitumwagikia kutoka juu. Waliniteremshia mama, nikampokea kwa mikono hii ninayoandikia, naye alikuwa mwepesi, hakuwa na uzito wa mtu mzima. Nikamgeuza kuelekea kibla. Nikalegeza kamba za sanda, nikaweka shavu lake kwenye udongo. Nilikawia kuuondoa mkono shavuni mwake, mpaka watu juu wakasikitika. Nilimsikia mmoja akisema, "Mwone alivyompenda mama yake." Nilitamani kumpigia kelele anyamaze.

Tulirudi. Tukanawa, tukakaa kwenye mikeka, watu wakaanza kugawiwa chai. Vijana wanne walikuwa ndiyo kwanza wanatoka uani, wamebeba jeneza tupu kulirudisha msikitini.

Lori lililojaa makreti matupu likasimama barabarani. Mtu akaruka chini kutoka nyuma, amevaa viatu vya mjini, nywele nyeupe kwa vumbi, mkononi ameshika chupa ya marashi ya waridi imefungwa kwenye leso. Alikuja nayo kutoka Mombasa ili aimwagie sanda ya mama.

Alikuwa Rashidi. Alasiri ilikuwa haijaadhiniwa.

Alikutana na lile jeneza mlangoni. Hakuna aliyehitaji kumwambia kitu. Alilitazama lilivyokuwa jepesi begani kwa wale vijana, akasimama, na chupa yake mkononi.

"Mmeshazika?"

Maalim aliinuka. "Rashidi, mwanangu, utusamehe. Tungekungoja. Tuliambiwa ndege inachukua siku nzima."

"Mliambiwa na nani?"

Na nyuso zikanigeukia tena, mara ya pili siku ile.

Rashidi akanitazama. Yeye na mimi tumenyonya pamoja, tumelala mkeka mmoja, tumeiba sukari ya mama pamoja. Uso wangu ninapodanganya anaujua kuliko mtu yeyote aliye hai. Niliona akiusoma, na niliona alipomaliza.

Mzee Sudi, hata yeye sasa hatabasamu, akauliza polepole, "Rashidi, hiyo ndege yako imechukua muda gani?"

Nikasema moyoni, sasa ndiyo mwisho wangu, na niape kwa Mungu, nilikuwa nimeanza kuutaka.

Rashidi akasema, "Leo tulikuwa na upepo nyuma yetu. Wenyewe wamesema hawajapata kuona siku kama hii." Akamgeukia Maalim. "Ndugu yangu hakukosea. Siku nyingine inachukua kutwa."

"Subhanallah," akasema Maalim, "hiyo ni kadari."

Alinisitiri! Nilimnyima mama yake, naye akanisitiri mbele ya mtaa mzima, kama vile mama alivyonisitiri kwenye beseni. Afadhali angenipiga.

Akaniomba nimpeleke makaburini, sisi wawili tu. Alipiga magoti, akamimina yale marashi yote juu ya udongo mbichi. Harufu ilikuwa nzuri sana. Mpaka leo nikipita penye marashi ya waridi natoka mbio.

"Ulizilegeza kamba?"

"Nilizilegeza."

"Shavu lake uliliweka kwenye udongo?"

"Nililiweka."

"Alikuwa mzito?"

"Hapana. Mwepesi."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa muda mrefu, nami nimesimama, nimekosa hata haki ya kumshika bega. Alipotulia akasema bila kunitazama, "Tajiri wangu alikuwa anasafiri leo kwa shughuli zake. Ameshavaa koti. Aliponiona nimeshika ile simu ya waya akanipa kiti chake. Akaniambia, Rashidi, mama ni mmoja, nenda." Akafunga ile chupa tupu kwenye leso. "Mhindi, si damu yangu, si dini yangu. Na wewe je?"

Tulirudi yeye mbele, mimi nyuma.

Aliondoka kesho yake kwa treni. Hajarudi Nakuru tangu siku hiyo. Salamu zake za Idi huja kwa Maalim, huja kwa Mzee Sudi, huja hata kwa muuza maziwa. Mimi huwa simo. Nimewatuma watu watatu waende kwake na salamu zangu, wote wamerudi na jibu moja: "Mwambieni sisi wazima." Sisi ni nani? Amebaki peke yake, kama mimi.

Na adhabu yangu haijaisha. Bado naitwa Bwana Ndege. Mzee Sudi siku hizi ananinyoa bila mzaha, kwa heshima, na heshima hiyo inanikata kuliko wembe wake. Maalim bado anafundisha swala yangu, na ameongeza upepo wa Rashidi kama mfano wa uwezo wa Mungu. Uongo wangu sasa una ndege mbili!

Kazi yangu ni ileile barabara. Kila nikitoka Nairobi naanza kumfuata Rashidi juu ya lori lake. Nikifika Naivasha nasema, hapa alikuwa wakati tunamswalia mama. Nikifika Gilgil nasema, hapa alikuwa wakati niko kaburini. Kisha unaanza ule mteremko, mji unaonekana na vumbi lake, nami nakumbuka kwamba chai ilikuwa ndiyo kwanza inagawiwa. Bwana yangu ameniuliza mara mbili kwa nini nasimamisha gari pale Gilgil. Namwambia injini imechemka.

Naomba sasa niseme mbele ya watu wote. Mimi sijapanda ndege. Sijawahi hata kugusa bawa lake. Sikula kuku, sikuona mlima, na adhuhuri ile na alasiri ile sikuziswali popote, kwa sababu nilikuwa nimeshika mbwa asiruke dirishani. Maalim wangu, ukisoma haya na ukanijua, nisamehe, na ulifute lile darasa.

Na nyinyi wenzangu mnaosogezewa viti barazani kwa mambo ambayo hamkuyafanya, simameni leo. Mtachekwa siku mbili, ya tatu watu watamcheka mwingine. Mimi nilikikalia kile kiti mpaka kikamzika mama.

Na kama kwenu kuna msiba, na mtoto amesema anakuja kwa ndege, na mmezunguka hamjui la kufanya, msimwulize mtu kama mimi. Mombasa mpaka Nairobi muda wa saa mbili hauishi. Nairobi mpaka Nakuru hata lori la makreti linafika kabla ya alasiri.

Mngojeni.